Neno gani liende wapi: mwongozo kamili wa kuchagua maneno ya Kiingereza kwa wanaoandika Bagamoyo

Bagamoyo Kiingereza kinaandikwa kila siku, na wengi wanaokiandika si walimu wa lugha. Mwongoza watalii anaandaa maelezo ya Ngome Kongwe na magofu ya Kaole. Mchongaji anaandika kikaratasi cha kubandika chini ya kazi yake. Mwenye nyumba ya wageni anajibu barua pepe ya mtu aliyeko Ujerumani. Kijana wa Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 jina lake rasmi ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, anatakiwa apeleke wasifu wake kwa Kiingereza kabla wiki haijaisha. Huwa naletewa maandishi ya namna hii niyapitie kabla hayajachapwa, na jambo moja linajirudia: sarufi mara nyingi inasameheka, ila neno lililowekwa silo.

Chanzo ni mazoea. Tunachukua neno la Kiswahili, tunalitafutia mwenzake kwenye kamusi, tunaliweka, tunasonga mbele. Kumbe neno letu moja linaweza kubeba vitu vitatu ambavyo Kiingereza kimevipa majina matatu, na neno moja la Kiingereza linaweza kuja na uzito ambao kamusi yetu haikuutaja. Kanuni ninayoisimamia ni hii: tafuta jina la kitu chenyewe unachotaka msomaji akione, usitafute tafsiri ya neno. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Kabla hujaanza

Uwe na daftari, simu yenye intaneti, na kamusi za aina mbili. Ya kwanza ni ya lugha mbili, kama ile ya Kiingereza–Kiswahili iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1996. Hiyo inakupa majina yanayowezekana. Ya pili ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza: Oxford, Cambridge na Longman wote wanazo, na zinasomeka bure mtandaoni. Usiogope kwamba maelezo yake yatakushinda. Longman, kwa mfano, wanaeleza maneno yao kwa msamiati wa maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu. Kamusi hizi zinakupa sentensi za mfano, na zinakuonya kama neno ni la kiofisi, la mtaani, la kizamani au la kuudhi. Kamusi ya lugha mbili peke yake haikupi hayo.

Hatua ya 1: Andika kwa Kiswahili, kisha upasue maneno mapana

Andika kwanza unachotaka kusema kwa Kiswahili chako cha kila siku. Halafu pita na kalamu, na kila neno linaloweza kumaanisha zaidi ya kitu kimoja lipigie mstari. Ubavuni andika kitu chenyewe ni kipi.

Chukua neno "pembe". Mtu anayeeleza biashara ya misafara ya karne ya 19 ataandika kwamba Bagamoyo zililetwa pembe za ndovu. Akifungua kamusi, la kwanza analokutana nalo ni "horn", naye anaandika "elephant horns". Ng'ombe na mbuzi wana "horns". Ndovu ana "tusks" zikiwa bado kinywani mwake au zimebebwa nzima, na kile kitu kinachouzwa na kuchongwa kinaitwa "ivory". Basi wapagazi walibeba "tusks", na mfanyabiashara alinunua "ivory". Hapo hapo pembe ya nyumba ni "corner". Neno moja kwetu, manne kwao.

"Kaburi" nalo ni hivyo hivyo. Shimo lililofukiwa ni "grave". Kaburi lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lenye nguzo juu yake kama yale ya Kaole, ni "tomb", na wataalamu huyaita "pillar tombs". Eneo zima la makaburi ni "cemetery". Mgeni aliyesoma "grave" atatazama chini. Aliyesoma "tomb" atatafuta jengo. Kwa mwongoza watalii hilo si dogo, kwa sababu neno ndilo linaloelekeza macho ya mgeni.

Wasanii wana mtihani wao kwenye "ngoma". Chombo ni "drum". Uchezaji ni "dance". Sherehe nzima yenye kupiga, kuimba na kucheza haina neno moja la Kiingereza, na nitaieleza kwenye hatua ya 9. Ukiandika kwenye wasifu wako "I do ngoma", aliyeko Norway hajui kama wewe ni "drummer" au "dancer". Na "ngoma ya asili" isiwe "natural dance" wala "original dance". Ni "traditional dance", au bora zaidi itaje kwa jina na mahali inakotoka.

Wachongaji nao waangalie "kinyago". Kamusi nyingi zinaanza na "mask", yaani kile cha kuvaliwa usoni. Kama unachouza ni umbo la watu waliopandana, andika "carving" au "sculpture". Na mti wenyewe, mpingo, umezoeleka kuuzwa kwa jina la "ebony". Jina lake sahihi kwa Kiingereza ni "African blackwood". Kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon, wakati "ebony" halisi ni miti ya jamii ya Diospyros. Ukiandika "African blackwood, the wood used for clarinets and oboes" umesema kweli, na mnunuzi anayejua mbao atakuheshimu.

Mengine nayataja kwa haraka. "Mkono" ni "hand" hadi kifundoni na "arm" kuanzia hapo kupanda. "Mguu" ni "foot" na "leg". "Kidole" cha mguu ni "toe". Kuazima: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kushinda: unashinda mechi, "win a match", lakini unamshinda mtu au timu, "beat". "Simba won Yanga" inasomeka kama Simba waliipata Yanga kwenye bahati nasibu. Kuiba: "steal" hufuatwa na kitu, "rob" hufuatwa na aliyeibiwa. Kusikia: sauti ni "hear", harufu ni "smell", njaa na baridi ni "feel".

Hatua ya 2: Soma sentensi ya mfano kabla ya kusoma maana

Ukishapata neno, shuka moja kwa moja kwenye mifano. Angalia neno linafuatwa na nini. "Explain" linataka "to": "explain to me", kamwe "explain me". "Discuss" halitaki "about". "Tell" linataka mtu nyuma yake, "say" halimtaki. Angalia pia kama neno lina wingi. "Information", "advice", "luggage", "furniture" na "equipment" hayaongezwi "s", na haya ndiyo ninayoyakuta mara nyingi kwenye vibao vya mapokezi: "leave your luggages here". Ondoa hiyo "s" moja, kibao kimekuwa sawa.

Hatua ya 3: Lichunguze neno na wenzake linaotembea nao

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo ningependa utulie zaidi. Maneno hayatembei peke yake. Kila lugha ina maneno yaliyozoeana, na mazoea ya Kiswahili si ya Kiingereza.

Tazama kivumishi chetu "kali". Jua kali, kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, chai kali, maumivu makali. Sisi neno moja linatutosha. Kwa Kiingereza jua ni "hot" au "fierce", kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", pilipili ni "hot", chai ni "strong", maumivu ni "severe". Mbwa mkali ni "fierce", lakini kibao cha getini hakisemi hivyo. Kinasema "Beware of the dog", kwa sababu ndivyo walivyozoea kuandika getini. Huwezi kuyabuni haya. Unayatafuta moja moja, unayaandika kwenye daftari, na baada ya muda yanakuja yenyewe.

Kisha kuna "piga". Piga picha ni "take a photo". Piga simu ni "call" au "make a call". Piga ngoma ni "play the drums". Piga mbizi ni "dive", piga makasia ni "row", piga deki ni "mop the floor", piga pasi ni "iron", piga kelele ni "make noise", piga hodi ni "knock". Hakuna hata moja hapo lenye "hit".

Na rangi zetu pia. Chai ya rangi kwenye menyu iandikwe "black tea", maana "colour tea" haimwambii mgeni chochote. Mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind".

Namna ya kupima ni rahisi. Kwenye Google andika maneno yako mawili ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "big rain", uone yanakokutokea, kisha jaribu "heavy rain". Usitazame wingi wa matokeo peke yake; tazama nani anayeandika hivyo, na katika sentensi ya namna gani. Ukitaka chombo imara zaidi, ipo hifadhi ya matini ya Kiingereza cha Marekani iitwayo COCA, iliyojengwa na Mark Davies, yenye maneno zaidi ya bilioni moja. Unaingiza neno, inakuonyesha yale yanayokaa karibu nalo mara nyingi.

Kwa majina ya vitu, picha zinatosha. Tafuta neno upande wa picha. Ukiandika "saloon" utaona baa za kale za Marekani na magari madogo, na hapo utajua kwa nini kibao cha kusukia nywele kinatakiwa kiandikwe "salon".

Hatua ya 4: Pima uzito

Kiswahili kina kufa na kufariki, kurudi na kurejea. Tunajua bila kufundishwa lipi linafaa baraza la jioni na lipi linafaa taarifa ya habari. Kiingereza nacho kina tabaka kama hizo. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya watawala na mahakama ilikuwa ya Kifaransa, na maneno yake yakabaki na sura ya ofisini. Ndiyo maana kuna "begin" na "commence", "help" na "assist", "ask" na "enquire", "end" na "terminate". Mnyama malishoni ni "cow", nyama yake mezani ni "beef".

Sisi tuliosoma Kiingereza darasani na kwenye barua za serikali tunaelekea upande mzito, tukidhani ndio upande wa heshima. Kwa msomaji wa leo uzito huo unaleta ubaridi. Mgeni hatakiwi aambiwe "Breakfast commences at 7 a.m.", "Breakfast is from 7 to 10 a.m." inamkaribisha zaidi. Kwenye barua ya kuomba kazi, "I humbly beg to apply" ibadilishe iwe "I am writing to apply for". Na ile "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" usiivushe kwenda Kiingereza. Sema jambo lako kwenye sentensi ya kwanza.

Kuna kivumishi kimoja ninachoomba ukiogope: "nice", pamoja na ndugu zake "beautiful" na "amazing". Kila hoteli ya pwani ni "beautiful". Ukitaka kuandika hivyo, jiulize uzuri wenyewe uko wapi, halafu taja hicho. Mlango wa Mji Mkongwe si "a nice old door". Ni "a carved wooden door with brass studs". Bustani yako si "amazing garden". Ina minazi, kivuli, na usiku ni kimya. "Shaded by coconut palms, and quiet after dark." Hapo mgeni ameona.

Hatua ya 5: Jua neno linaamsha nini moyoni mwa msomaji

Mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874, ukiwa umebebwa kutoka Chitambo, katika Zambia ya sasa, na watu wake, wakiwemo Chuma na Susi. Uliwekwa kwenye mnara wa kanisa la zamani la Misheni kabla ya kusafirishwa kwenda Zanzibar na baadaye London. Sasa uandike nini: "body", "corpse", "remains"? "Corpse" ni neno la polisi na hadithi za mauaji. "Remains" linafikirisha mifupa. "Body" ndilo lenye utu bila kutia chumvi. Na mwili haukulala pale kwa "slept". Andika "was kept here overnight".

Neno lenye uzito kuliko yote kwenye historia ya mji wetu ni "slave". Waandishi wa historia na majumba mengi ya makumbusho siku hizi huandika "enslaved people", ili msomaji akumbuke kwamba hao walikuwa watu, na kwamba utumwa walifanyiwa. Mimi nafuata hivyo. Lakini kuna jambo la pili hapo, na ni la ukweli wa historia. Si kila aliyebeba mzigo kuja Bagamoyo alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na ilikuwa kazi yenye sifa kwao. Hao ni "porters". Mwongozaji anayewaita wote "slaves" pale Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, anawanyang'anya watu hao kazi yao na jina lao. Chagua neno baada ya kujua ni watu gani hasa unaowazungumzia.

"Tribe" tunalitumia sana kwa "kabila", na si kosa la sarufi, ila kwa wasomaji wengi wa nje linaleta picha ya watu wa porini wasio na historia. "The Zaramo people" au "the Kwere" inatosha kabisa bila neno hilo.

Kwenye biashara, "cheap" maana yake ni bei ndogo na pia ubora duni. Andika "affordable", au bora zaidi andika bei yenyewe. "Escort", tunayoitumia kwa kusindikiza, kwa wengi ni mtu wa kulipwa kwa ajili ya kuandamana na wateja usiku. Andika "I will walk with you to the gate". Mzee wetu wa heshima asiitwe "old man" kwenye maandishi. Taja kazi yake au jina lake. Na umbo la mtu usiligusie kabisa, hata kama hapa kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kumsifu.

Hatua ya 6: Maneno yaliyotoka Kiingereza yakahamia kwetu

Haya yanadanganya kwa sababu yana sura ya Kiingereza. "Hoteli" mtaani kwetu inaweza kuwa mahali pa kula tu. "Hotel" ni pa kulala, na pa kula ni "restaurant". "Trafiki" ni askari, lakini "traffic" ni magari yenyewe, kwa hiyo aliyekusimamisha ni "a traffic officer". "Kipilefti" ni "roundabout", na ukimwelekeza mgeni "turn at the keep left" atapotea. "Baiti" za kwenye sherehe ni "snacks". "Bajaji" ni jina la kampuni; wageni wengi wanaielewa kama "tuk-tuk".

Hatua ya 7: Maneno ya adabu

Adabu yetu ni nzito na nzuri, na inauma kuona inageuka kuwa ajabu ikivuka. "Pole na safari" ikiwa "Sorry for the journey", mgeni anajiuliza umemkosea nini. Andika "I hope you had a good journey". "Karibu tena" ni "We hope to see you again". "Karibu chakula" ni "Please join us". "Naomba" isiwe "I beg" wala "I want". Ni "Could you please" au "I would like". Na "nadai" kwenye barua ya malipo usiiandike "I demand" isipokuwa umekwisha kufika kwa wakili. Andika "The balance of 80,000 shillings is still unpaid".

Hamna shida, neno la faraja kwetu, likijibu malalamiko linachoma. Mgeni anaandika kwamba maji hayatoki chumbani, nawe unamjibu "No problem". Kwake shida ipo. Jibu: "Thank you for telling us. The plumber will be there at 9 a.m."

Hatua ya 8: Saa, maji na majira

Hapa kosa moja linaharibu siku nzima. Saa tatu asubuhi ni "9 a.m.". Ukimwandikia mgeni "three o'clock" atakuja alasiri, na chombo kimeshaondoka. Programu za kutafsiri hazitabiriki kwenye hili, kwa hiyo kila saa ihesabu mwenyewe: ongeza au punguza sita, andika kwa tarakimu, weka "a.m." au "p.m.". Usiku nao una kitanzi chake. Kwa hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua likizama, na wazee wakisema usiku wa Ijumaa wanaweza kumaanisha Alhamisi usiku. Andika tarehe, kila mara.

Maji kujaa ni "high tide", kupwa ni "low tide". Bamvua ni "spring tide", na hiyo "spring" haihusiani na majira ya kuchipua ya Ulaya. Maji mafu ni "neap tide". Masika ni "the long rains", vuli ni "the short rains", na uongeze miezi: Machi hadi Mei, Oktoba hadi Desemba. Kaskazi na kusi ni "northeast monsoon" na "southeast monsoon". "Summer" na "winter" usizitumie, kwa sababu msomaji wa Uingereza na wa Australia watazielewa kinyume.

Hatua ya 9: Yapi yabaki Kiswahili

Kitu ambacho Kiingereza hakina jina lake, kiache na jina lake, kisha kieleze mara moja tu kwa maneno machache mepesi. "A ngalawa, a narrow wooden sailing boat with an outrigger on each side." Kuanzia hapo andika "ngalawa" bila kueleza tena. Fanya hivyo kwa ngoma ikiwa na maana ya shughuli nzima, kwa kanga, kwa baraza ya nyumba. Usijaze Kiswahili kila mstari ili kunogesha. Maneno mawili matatu kwa ukurasa yanakaa vizuri.

Hatua ya 10: Chagua Kiingereza kimoja

Shule zetu zinafuata tahajia ya Uingereza, "colour" na "centre", nami ningebaki hapo. Ila kuwa mwangalifu na vitu vya menyuni na vyumbani. "Chips" kwa Mmarekani ni vikavu vya pakitini. Vyetu kwake ni "fries". Kamba wa baharini ni "prawns" Uingereza, "shrimp" Marekani. "First floor" ya Mwingereza ni ya juu ya ile ya chini, ya Mmarekani ndiyo ya chini yenyewe. Kwenye ngazi andika "upstairs", wote wataelewa.

Hatua ya 11: Jaribu kazi nzima

Huu ni mfano niliouunganisha kutokana na makosa ninayoyaona mara kwa mara, uwe kibao cha safari ya ngalawa:

"Me I am captain with experience. We escort you in the sand island with ngalawa, price very cheap. We start three o'clock but it depends the water. You will hear good wind and get bites. You are all welcome again."

Anza na kazi ya kibao: mtu aliyesimama ufukweni ajue anakwenda wapi, lini, kwa kiasi gani, na abebe nini. Maneno yasiyomsaidia yaondoke. "Me I" ni "mimi bwana" yetu, haina kazi. "Experience" haina uthibitisho, heri miaka. "Sand island" ni fungu, yaani "sandbank". "Escort" tumeshaikataa, "take" inatosha. "Cheap" iwe bei. "Three o'clock" iwe saa ya kweli. "The water" iwe "tide". Upepo hausikiwi, na hata hivyo yuko ufukweni, anaujua. "Bites" kwake ni kuumwa na mbu. Kinachobaki ni hiki:

"We take you to the sandbank in a ngalawa, a narrow wooden sailing boat with an outrigger on each side. Our skipper has sailed this coast since 2009. We leave the beach at 9 a.m. The time may change with the tide, so please call us the evening before. The trip takes about three hours. 30,000 shillings per person, including fruit, drinking water and a life jacket. Bring a hat."

Bei na mwaka weka vya kwako. Kisha uisome kwa sauti, na mpe mtu ambaye hajui biashara yako. Usimuulize kama Kiingereza ni kizuri, maana atakusifu. Muulize: tunaondoka saa ngapi, unalipa shilingi ngapi, utapanda chombo cha namna gani? Akikwama popote, hapo ndipo neno la kubadilisha lilipo. Unaweza pia kuirudisha kwa Kiswahili kwa programu ya kutafsiri uone kama kuna kilichopinda, lakini jibu la mtu lina uzito kuliko la simu.

Maandishi yakishatulia, fundi wa vibao umpe karatasi iliyochapwa, usimsomee kwa mdomo. Mwombe aandike kwa penseli kwanza. Simama mbele ya kibao, soma neno la mwisho, kisha linalolitangulia, hivyo hivyo ukirudi nyuma hadi la kwanza, ukilinganisha na karatasi herufi kwa herufi. Ukisoma kwa kurudi nyuma jicho halipati nafasi ya kubahatisha. Halafu ndipo rangi ifunguliwe.